Uliye Mbali na Upeo wa Macho Yangu

Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni, na hakuna mtu wa rika langu aliyewahi kuona treni pale. Reli waliileta Waingereza mwishoni mwa miaka ya arobaini kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufa 1951 ukiwa umeshameza mamilioni ya pauni, na mapema miaka ya sitini vyuma vikang'olewa. Jina likabaki. Utotoni tulikuwa tukitumwa Stesheni kununua mafuta ya taa, tunakwenda na kurudi, wala hakuna aliyeuliza stesheni ya nini. Wilaya hiyo hiyo ina sekondari inaitwa Farm 17, mahali palipokuwa kambi ya FRELIMO, ambako Samora Machel aliwafunza vijana waliokwenda kuikomboa Msumbiji. Karanga hazikuzaa walivyotarajia, wapiganaji walirudi kwao nchi yao ilipopata uhuru 1975, na leo wanafunzi wanaandika hiyo 17 juu ya madaftari yao bila kushughulika na 16 iko wapi.

Wenzangu niliomaliza nao darasa la saba walikuwa kwangu hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, majina niliyoyataja bila kuuliza kilichobaki pale. Kisha ikaja WhatsApp, nikadhani treni imerudi.

Tulimaliza mwaka 1984. Lilikuwa darasa la umri wa kila namna, kwa sababu Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule, na ilipofika 1977 wadogo na wakubwa wakakusanywa pamoja. Kwenye dawati moja unamkuta mtoto wa miaka saba na dada wa miaka kumi na miwili aliyekwishatoka unyagoni, anayekushika mkono mkivuka mto na kukuzaba kofi ukilia.

Kazi yangu nje ya shule ilikuwa kuandika barua za watu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na jirani zetu walikuwa na watoto Dar es Salaam, Tanga kwenye mkonge, wengine jeshini. Elimu ya watu wazima ilikuwa imepita, wengi walijua kuandika majina yao, lakini barua ni shughuli nyingine. Mama wa watu anakaa kwenye mkeka, anakohoa, anaanza: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Kila barua ilianza hivyo, hata ile ya kudai fedha. Ugumu ulikuja baadaye. Anasema jambo, anajuta, anasema usiandike hilo, halafu anasema andika lakini usiliandike hivyo. Na mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyeamua. Mzee mmoja alimtukana mwanawe kwa Kimwera robo saa nzima, jasho linamtoka. Nikaandika: "Baba amehuzunika kidogo." Fedha zilipokuja, mzee akatangaza mtaa mzima kwamba watoto wa siku hizi bila kukemewa hawaendi.

Barua ikishafungwa inangoja. Inangoja basi, au lori la korosho, na masika ikiingia haiendi popote. Ukitoka Lindi kwenda Dar es Salaam kulikuwa na Mto Rufiji na kivuko chake, na mto ukifurika abiria wanalala ng'ambo wakila mihogo ya kuchoma hadi Mungu apende. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo kusini ilikuwa kisiwa kwa miezi mingine ya mwaka. Barua niliyoiandika Februari niliweza kusoma majibu yake Juni. Na niliyasoma mimi mwenyewe, kwa sauti, nikiruka pale nilipoona pa kuruka.

Waliokuwa na haraka walitumia redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya salamu. Unajaza kadi, unaorodhesha majina ya unaowasalimu, unaituma kwa posta, kisha unakaa wiki baada ya wiki pembeni ya redio ya National ukingoja mtangazaji akutaje. Walikuwepo watu nchi hii waliojulikana kwa hilo tu. Sauti zao hatukuzisikia, mtangazaji ndiye aliyewasemea, lakini ungemtaja mtuma salamu wa upande fulani na watu wangekuambia huwa anamsalimu nani kwanza na anamalizia na ujumbe gani. Walisalimiana wao kwa wao miaka nenda rudi bila kuonana uso kwa uso. Ndiyo maana huwa nashangaa kusikia kwamba marafiki wa hewani ni jambo la juzi.

Mwaka 1985 niliondoka. Zikapita barua chache, kisha kimya. Simu za mkononi zilipoenea, sikuwa na namba ya mtu hata mmoja wa darasa letu.

Grupu lilianzishwa mwaka 2016 na mwenzetu anayeuza vipuri Mbagala, ambako ukisimama panapopakilia mabasi ya kusini nusu saa tu lazima umpate mtu wa kwenu. Mmoja akamwingiza mwingine. Siku za mwanzo tulipiga kelele usiku na mchana. Wewe ndiye yule? Yule aliyeanguka kwenye mwembe wa mwalimu mkuu? Mguu ulipona? Baada ya hapo zikaanza picha za maua zilizoandikwa Asubuhi Njema. Muda si mrefu tukawa na mweka hazina.

Sitaki kuidharau kazi ya grupu. Limezika watu. Ukitokea msiba, michango inaingia kwa simu kabla maiti haijaoshwa. Na Julai 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, tulibishana siku mbili kama mchango uhesabiwe kabla ya tozo au baada. Tulijua nani ana sukari, nani ana presha, mtoto wa nani amefaulu na wa nani amerudi nyumbani na begi. Tulijuana kuliko tulipokuwa tunachota maji kisima kimoja. Kwa hayo yote, miaka minane ilipita hakuna aliyemtembelea mwenzake isipokuwa kwenye mazishi, na kwenye mazishi hamwonani, mnahesabiana.

Humo ndani nilikuwa na watu wangu wawili.

Wa kwanza tunamwita Wakili, ingawa ni mkulima wa korosho na mahakamani amefika mara chache kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Novemba 2018, Rais Magufuli alipozikataa bei za wanunuzi, serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaletwa kuisomba, huyu ndiye aliyetueleza sisi wa mjini kinachoendelea: uhakiki wa mashamba unafanywaje, nani ameitwa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, kwa haki na nani kwa kuonewa, na inakuwaje mtu mwenye korosho ghalani analala na njaa. Ujumbe wake ulikuwa na aya. Nukta mahali pake, mkato mahali pake. Aliandika alfajiri, na mtu akimjibu kwa matusi, yeye alijibu hoja. Juu ya salfa na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, angeweza kukuandikia kitabu. Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Simba 2–1, alituandikia uchambuzi ambao ningeulipia kama ungetoka gazetini. Nilianza siku zangu kwa kumsoma.

Nilijaribu kumpigia mara moja tu. Ilikuwa jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, siku ile WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa saa kama sita. Watu wa grupu wakaanza kupigiana simu, na ilikuwa kichekesho, maana hatukuwa tukizijua sauti. Nilimpigia Wakili. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita tena mpaka mwisho. Usiku wa manane mtandao uliporudi, akaandika kwamba alikuwa shamba.

Wa pili alikuwa dada yule wa kwenye dawati, aliyeolewa Ruangwa. Grupuni hakuandika kitu zaidi ya Amina. Aliniandikia mimi, pembeni, mara moja kwa mwezi au miwili, na ujumbe wake ulianza kwa yale yale ya zamani: "Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Chini yake zinafuata emoji za kucheka mpaka machozi, mioyo, jogoo. Jogoo wa nini sikuwahi kujua. Mara ya kwanza nilicheka, baadaye nikawa nausubiri. Mama yangu alipofariki 2021, simu ilijaa pole za kunakili, wengine hata jina la marehemu wa mtu mwingine wakasahau kulifuta. Dada akanyamaza. Siku ya tatu baada ya mazishi akaandika: "Wageni wakiondoka ndipo utaona nyumba ilivyo kubwa. Usizime redio usiku." Basi, hakuna mioyo, hakuna jogoo. Redio yangu haikuzimwa usiku kwa miezi kadhaa, na mke wangu alivumilia.

Nikaenda msimu wa korosho wa 2024. Ulikuwa msimu mzuri; kwenye minada ya mwanzo kule kusini bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo, na Nachingwea ilinukia mabibo na fedha. Pikipiki zina karatasi za dukani bado. Kila mwenye simu anasubiri ujumbe wa benki, na kwenye vibanda vya chai mjadala ni RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kitanadi lini tena na chama cha msingi (AMCOS) cha nani kimechelewesha malipo. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nitamsikia Wakili mwenyewe, laivu, nyumbani kwake, mambo yakiwa ya moto.

Alinisubiri stendi na kijana wake. Tukakumbatiana. Akafungua mdomo kunikaribisha, na neno "karibu" halikutoka. Shingo ikakaza, macho yakafumba, kidevu kikapanda. Watu wawili watatu waliokuwa karibu wakageuza nyuso upande wa pili, kwa adabu ya waliozoea.

Ndipo ikanijia darasa la nne yote kwa mpigo. Hesabu za kichwa. Mwalimu anasimama mlangoni na fimbo, anataja hesabu, anakunyooshea kidole, unajibu kwa sauti. Huyu mwenzetu alijua kila jibu. Ulikuwa unaliona jibu usoni kwake. Mwalimu anahesabu moja, mbili, tatu, anapita kwa mwingine, na mwingine huyo mara nyingi nilikuwa mimi, nilikwishalisoma jibu kwenye midomo yake. Kigugumizi kile kilikuwa kikubwa kiasi kwamba watoto wa madarasa mengine walimjua kwacho. Miaka minane ya kumsoma kila alfajiri ilikuwa imenifutia kabisa.

Nyumbani kwake tulikaa kwenye benchi chini ya mwembe. Mkewe akaleta chai na mihogo, akasema "shemeji karibu, huyu bwana hajalala, anakusubiri wewe", akaturudia kidogo, akaona hali, akaondoka. Nikamuuliza bei. Akanionyesha vidole. Nikamuuliza salfa ya ruzuku ilifika kwa wakati mwaka huu? Akaanza, akakwama, akatikisa mkono kuashiria tuache. Nikaanza kuongea mimi. Niliongea Dar es Salaam, niliongea foleni, niliongea mpaka mwenyewe nikajichoka. Yeye alikuwa akichambua korosho kwenye jamvi huku akinisikiliza. Akaichagua moja, akaiweka juu ya jiwe, akaipasua kwa kisu kwa urefu wake, akanionyesha kiini: cheupe, kimejaa, hakijaacha nafasi ndani ya ganda. Akaichukua nyingine iliyofanana na ile kwa nje, akaipasua. Ndani kimesinyaa, kina doa. Akaitupa kuku. Kidole gumba cha kulia kilikuwa cheusi, ngozi imebanduka kwa utomvu wa kubangua.

Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa ameichukua ya kwake mfukoni, kioo chake kina ufa toka kona hadi kona, na alikuwa anaandika kwa kidole cha kati. Nikafungua. "Umeuliza salfa. Suala la salfa lina sehemu mbili." Nikamtazama. Hakuinua uso. Ikaingia ya pili, ndefu, na aya zake. Nikaisoma pale pale, begani kwake, nikamjibu kwa mdomo. Akatikisa kichwa kukataa, akaandika. Nikabisha. Akacheka kwa sauti, kicheko chake hakina kigugumizi, akaandika tena. Tulikaa hivyo mpaka jua likaingia nyuma ya mikorosho, mimi naongea, yeye anaandika, bando linateketea kwa watu wawili waliokaa benchi moja. Mtoto wa jirani alisimama akatuangalia, akaenda kumwita mwenzake aje aone.

Nitasema ukweli ingawa haunipambi. Usiku ule gesti nilikuwa na huzuni kidogo, na haikuwa huzuni ya kumhurumia. Nilimkosa Wakili. Mtu niliyemfuata kilometa mamia yupo alfajiri tu, peke yake, na simu. Aliyenipokea stendi alikuwa mwingine, mwenye haki zote za kuwa rafiki yangu kumzidi yule, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimwibia majibu. Nikabaki nampenda zaidi wa kwenye simu. Nadhani na yeye anampenda zaidi.

Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa ni kama kilometa hamsini hivi. Zamani ukizitaja kilometa hizo watu wanakuuliza umeaga? Ruangwa haikuwa hata wilaya. Ilikuwa mahali pa kupita kwenye lori, unafika nywele nyekundu kwa vumbi. Sasa kuna lami inayoingia kutoka Nanganga, kuna benki, kuna uwanja unaoitwa Majaliwa, jina la aliyekuwa mbunge wao kuanzia 2010 hadi 2025, ambaye wakati wa safari yangu alikuwa Waziri Mkuu, naye alianza maisha kama mwalimu. Kwenye mgahawa nilipokunywa supu, meza ya pili walikuwa vijana wenye makoti ya kung'aa ya mgodini wakizungumzia kinywe ya Matambarale. Tulipokuwa watoto, mawe ya upande huo tulipigia maembe.

Dada alikuwa amekaa barazani. Nikamwamkia, akaitika "marahaba mdogo wangu" akiangalia mahali nilipokuwa nimesimama kabla sijasogea. Presha ya macho. Jicho moja limekwenda kabisa, la pili linaona mwanga na vivuli vya watu, tangu miaka saba iliyopita. Nilifanya hesabu haraka. Miaka saba.

"Mwandishi wangu huyu hapa," akasema. "Njoo umwamkie babu yako wa Dar es Salaam, si ndiye unayemwandikia kila siku."

Akatoka binti wa kidato cha nne, mrefu, mkononi ana bakuli la ming'oko ya kuchemsha. Akapiga goti nusu. Shikamoo babu. Nikaitika, na sote wawili tukaona haya, kwa sababu tulikuwa tunajuana sana.

Dada aliniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, hakukosea. Akanicheka kwa kunenepa, akiwa amenishika mkono tu. Alinikumbusha kofi alilonizaba mtoni na kwa nini nilistahili. Sauti yake ilikuwa ile ile, nene, ya kuamrisha, na ningekaa kuisikiliza hata kama angekuwa anahesabu mbuzi. Hapo nilishukuru kusafiri, maana hakuna ujumbe uliowahi kunipa sauti ile. Salamu za mwanzo ni zake, alinieleza, kila neno, anamsimamia mjukuu asiruke. Bila salamu hiyo ujumbe si ujumbe. Katikati anasema anayotaka kusema, na mjukuu anaandika.

"Na jogoo?" nikauliza.

"Jogoo gani?"

Binti akaangalia chini.

Nikasema, dada, ninakushukuru kwa ule wa mwaka 2021, mama alipofariki. Ule wa redio. Akafikiri. "Nilikutumia pole, ndiyo. Redio ipi?" Nikamwambia: uliniambia nisizime redio usiku. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mimi? Mimi redio usiku siitaki hata kuisikia, yananikatisha usingizi makelele yake. Huyu hapa ndiye mwenye ugonjwa huo. Tangu mama yake afariki, mwaka 2020, analala nayo sikioni. Nimesema mpaka nimechoka."

Sikuuliza zaidi. Kazi hiyo niliijua, niliifanya kabla mama yake huyo binti hajazaliwa: mkubwa anasema moja, wewe kwa umri wako mdogo unaona haitoshi, au imezidi, unaongeza, unapunguza, unakunja karatasi. Ila mimi nilikuwa nikipunguza. Sijawahi kumwongezea mtu kitu kilichomfaa.

Walinisindikiza hadi barabarani, dada akiwa ameushika mkono wangu upande mmoja na bega la mjukuu upande wa pili. Alitupa habari za kila nyumba tuliyopita kwa kusikia mlango na harufu ya jiko. Bodaboda ilipokuja, akaanza kumpa dereva masharti ya mwendo, na binti akapata nafasi.

"Babu, uliiacha wazi?"

"Niliiacha."

"Stesheni gani?"

"TBC Taifa."

Akakunja uso. "Ungeweka ya taarabu."

Grupu, liliposikia nimekwenda, lilichangamka. Kila mtu akataka naye, na likatoka wazo la kukutana wote, Desemba, na mara moja tukagawanyika: wenye kutaka ukumbi Dar es Salaam na wenye kutaka Nachingwea. Wakili aliamka saa kumi na moja alfajiri akaandika hoja sita za kwa nini iwe Nachingwea, nauli imepigiwa hesabu, mbuzi wametajwa kwa bei ya mnadani. Alishinda. Nilimsoma taratibu kuliko zamani, nikimngojea afike mwisho wa kila sentensi.

Ugomvi mkubwa ni wa fulana. Mweka hazina anataka tushone za kufanana zenye jina la shule, na rangi haipatikani. Kijani ni ya chama tawala, na wa Yanga wakaona wameshinda. Nyekundu ikaitwa ya Simba. Buluu, mtu akasema anatumikia serikalini hataki maswali. Zambarau ikaitwa ya ACT. Ikapendekezwa nyeupe, mtu wa Mtwara akauliza kwani tunazika? Katikati ya hapo namba ya dada, ambayo haikuwahi kuandika grupuni kitu zaidi ya Amina, ikaandika: "Bibi anasema rangi yoyote, ila yake iwe na mikono mirefu. Mimi nasema zambarau."

Na jogoo mmoja.

Mweka hazina akauliza "mimi" ni nani. Wakili amemwambia suala hilo lina sehemu mbili, na anaandika.